Namba ya EC si namba ya umbo: tuvitazame vimeng'enya vya kisamvu kwenye hifadhidata za protini

#1 Kinu na Mchi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nasahihisha ripoti za vijana wa mwaka wa pili wa baiokemia, na kosa moja limejirudia mno hadi nimeona nilifungulie uzi. Kijana anaingia Protein Data Bank (PDB), hifadhidata ya maumbo ya protini, anatafuta kimeng'enya alichopewa, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia, anakuta namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, ananakili na mbele yake anaandika "EC". Kumbe alichonakili ni namba ya CATH. Kwa sura zinafanana kama mapacha. Kwa maana, EC inaeleza kazi ya kimeng'enya na CATH inaeleza umbo la protini, na ukizichanganya ripoti nzima inapotea njia.

Mfano wangu unatoka jikoni. Nimekulia nyumba ambayo kisamvu kilitwangwa karibu kila wiki. Jani la mhogo likiwa zima ukilinusa hupati kitu. Piga mchi mara kadhaa, harufu kali inapanda kutoka kinuni, na bibi alitukataza kabisa kuinamia kinu. Alikuwa sahihi. Ndani ya seli za jani kuna linamarini, yaani glukosi iliyofungamana na kitu chenye sianidi, na imewekwa kwenye kifuko chake. Kimeng'enya cha kuikata, linamarasi, kinakaa kwingine, kwenye ukuta wa seli. Jani likiwa zima havikutani. Mchi ndio unaovikutanisha.

Linamarasi inaikata glukosi, kinabaki kitu kinachoitwa asetoni sianohidrini. Hapo kinaingia kimeng'enya cha pili, hidroksinitrili liyasi, kinakivunja kuwa asetoni na sianidi ya hidrojeni, ambayo kwenye joto la kwetu inapaa kirahisi. Mmea mmoja, vimeng'enya viwili vinavyopokezana kazi.

Sasa tuviangalie kwa namba.

Linamarasi ni EC 3.2.1.21. Ile 3 ya mbele inasema ni hidrolasi, kimeng'enya kinachokata kwa kuingiza maji. Namba zinazofuata zinabana zaidi, kwamba kinachokatwa ni kifungo cha sukari, halafu aina ya kifungo, halafu kimeng'enya chenyewe. Ndugu yake wa karibu kutoka mmea wa klova nyeupe yumo PDB kwa jina 1CBG. Kwa upande wa umbo, CATH inauweka ukoo huu kwenye 3.20.20.80. Angalieni vizuri: 3.2.1.21 na 3.20.20.80. Hapo ndipo vijana wanapoteleza. Ile 3 ya CATH haisemi hidrolasi. Inasema protini imejengwa kwa mchanganyiko wa nyuzi za beta na misokoto ya alfa. Ile 20.20 inasema misokoto na nyuzi hizo zimepangwa kama pipa: nyuzi nane zimesimama katikati kama mbao za pipa, na misokoto minane imezizunguka kwa nje.

Hidroksinitrili liyasi ya mhogo ndiyo inayoonyesha jambo lenyewe. Kazi yake ni EC 4.1.2.47, na 4 ni liyasi, vinavyovunja kifungo bila kuingiza maji. Umbo lake, ukifungua 1DWO, ni CATH 3.40.50.1820. Na ukoo huo wa 3.40.50.1820 unaitwaje? Alfa/beta hidrolasi. Yaani kwa ukoo ni hidrolasi, kwa kazi ni liyasi, na hakuna aliyekosea.

Naomba mtu afungue 1DWO alizungushe lile umbo mwenyewe. Protini ni mnyororo wa asidi amino; tafuta tatu kati yake kwa namba zake: serini ya 80, histidini ya 236 na aspatati ya 208. Utazikuta zimekaa karibu karibu kama mafiga matatu, ingawa kwenye mnyororo zimeachana mbali. Mafiga hayo hayo ndiyo utayakuta kwenye hidrolasi nyingi. Ila kwenye hidrolasi ile serini inajishikiza kwenye kitu kinachokatwa, na kwenye liyasi ya mhogo haijishikizi, inapokea tu protoni na kumpasia histidini. Mafiga yale yale, chungu kingine.

Kwa hiyo EC inajibu swali la kimeng'enya kinafanya nini. CATH, na mwenzake SCOP, zinajibu swali la kimekunjwaje na kimetoka ukoo gani. Karibuni.

#2 Mkemia Mtarajiwa

Shikamoo mwalimu. Nakiri mimi ni mmoja wa walioandika 3.40.50.1820 kama EC, na sasa nimeelewa kwa nini nilikosa maksi. Naomba kuuliza mawili. Hizi namba za EC nani anazitoa? Na nikikuta mahali imeandikwa 3.2.1.- yenye kistari mwishoni, ni data iliyopotea?

#3 Kinu na Mchi

Marahaba kijana, na usijisikie vibaya, ndiyo maana ya kujifunza.

Kistari si data iliyopotea. Kinasema tunajua kimeng'enya hiki kinakata kifungo cha sukari cha kundi hilo, lakini haijathibitishwa ni kipi hasa. Kiandike hivyo hivyo na kistari chake. Mtu akijaza namba ya nne kwa kukisia anawadanganya wote watakaomsoma baadaye.

Kuhusu anayezitoa: mwaka 1956 muungano wa kimataifa wa wanabaiokemia uliunda tume ya vimeng'enya, na EC ni kifupi cha jina la tume hiyo. Kabla ya hapo kila maabara ilikuwa inabatiza kimeng'enya inavyotaka. Kimoja kinakuwa na majina matatu, na jina moja linabeba vimeng'enya viwili tofauti. Ripoti ya kwanza ilitoka 1961 ikiwa na madaraja sita: oksidoredaktasi, transferasi, hidrolasi, liyasi, isomerasi na ligasi. Mwaka 2018 likaongezwa la saba, translokasi, la vile vinavyovusha ayoni na molekuli kwenye utando wa seli. Ndiyo maana kitabu cha zamani kinakuambia sintasi ya ATP, kile kinachotengeneza ATP ya kubebea nishati ya seli, ni 3.6.3.14, na hifadhidata za leo zinakuambia 7.1.2.2. Kimeng'enya hakikubadilika, kimehamishwa daraja. Namba ya zamani haipewi mwingine, inabaki imefungwa na maelezo ya ilikohamia. Hata liyasi yetu ya mhogo, makala za zamani zinaitaja kwa 4.1.2.37.

Zingatia mwaka: 1961. Wakati huo hapakuwa na umbo la kimeng'enya hata kimoja lililokwisha kujulikana. Umbo la mioglobini lilipatikana 1958, lakini mioglobini inabeba oksijeni, si kimeng'enya. Kimeng'enya cha kwanza kuonekana umbo lake ni lisozimu ya ute wa yai la kuku, kazi ya David Phillips na wenzake London, mwaka 1965. Tume ilipanga vimeng'enya kwa kazi kwa sababu kazi ndiyo iliyokuwa inapimika kwenye chupa. PDB yenyewe ilianza 1971 pale Brookhaven, Marekani, ikiwa na maumbo saba. Leo yamepita laki mbili. SCOP na CATH zilikuja miaka ya 1990, maumbo yalipokuwa mengi kiasi cha kuhitaji kupangwa kwa koo.

#4 Zamu ya Usiku

Mwalimu, mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, upande wa vijidudu. Naomba niongeze mfano ambao kwetu ni wa kila siku, maana wenyewe unageuza ule wa kwako: namba moja ya EC, maumbo mawili yasiyo na undugu.

Beta-laktamasi, kimeng'enya cha bakteria kinachovunja pete ya penisilini, ni EC 3.5.2.6. Lakini chini ya namba hiyo moja kuna vitu viwili. Madaraja A, C na D yanatumia serini, na umbo lao linafanana na protini ambazo bakteria anazitumia kujenga ukuta wake, zile zile ambazo penisilini inazishambulia. Daraja B halina serini hiyo kabisa. Linatumia zinki na maji, na umbo lake ni la ukoo mwingine. NDM-1, beta-laktamasi moja ya zinki, iko humo.

Kwa mgonjwa tofauti hii ni kubwa. Asidi klavulaniki tunayoichanganya na amoksilini inafanya kazi kwa kuiganda ile serini. Ukikutana na NDM-1, haina pa kuganda. Nimewahi kusoma ripoti iliyoandika tu "isolate (bakteria waliooteshwa kutoka kwa mgonjwa) ina beta-laktamasi, EC 3.5.2.6" ikaishia hapo. Daktari aliyeko wodini hawezi kuchagua dawa kwa maelezo hayo. Jina la jeni na daraja lake ndilo linalomsaidia.

#5 Kinu na Mchi

Asante sana Zamu ya Usiku, huu mfano nauchukua darasani. Kwa wanaotaka kuona kwa namba: za serini ziko CATH 3.40.710.10, za zinki ziko 3.60.15.10. Njia mbili tofauti kabisa za kufika kwenye kazi moja.

#6 Mchanga wa Data

Wakuu nawasoma kwa makini, ila naona tunang'ang'ania mambo yaliyopitwa. AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri umbo la protini, ilifungua hifadhidata yake 2021 ikiwa na maumbo zaidi ya laki tatu na nusu, mwaka uliofuata yakapita milioni 200. Waliohusika wamepewa Nobeli ya kemia 2024. Kama umbo la karibu kila protini linapatikana bure, kwa nini tusiache haya madaraja ya 1961 tukaacha kompyuta ilinganishe maumbo na kutuambia kazi?

#7 Kinu na Mchi

Mkuu, swali lako ni la haki na AlphaFold naitumia mwenyewe. Lakini sikubaliani nawe kwenye hatua ya mwisho, ile ya kutoka kwenye umbo kwenda kwenye kazi.

Tumbaku ina kimeng'enya kinaitwa SABP2. Ni esterasi, daraja la 3 (hidrolasi), na umbo lake ni lile lile la alfa/beta hidrolasi, ndugu wa liyasi ya mhogo na ya mti wa mpira. Mwaka 2010 watafiti walichapisha kazi wakionyesha kwamba ukibadilisha asidi amino mbili tu kwenye SABP2, inaanza kufanya kazi ya hidroksinitrili liyasi. Mbili tu! Ukilinganisha maumbo ya kabla na baada, macho yako hayataona chochote cha kukushtua. Namba ya EC imeruka kutoka 3 kwenda 4.

Halafu modeli za kwenye hifadhidata ile ni mnyororo mtupu. Zinki ya NDM-1 haimo. Kinachokatwa hakimo. Kila asidi amino imepewa alama ya uhakika, lakini alama hiyo inahusu nafasi yake kwenye umbo, haisemi lolote kuhusu kazi.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Protini nyingi sana zilizopewa namba ya EC kwenye hifadhidata hazijawahi kupimwa na mtu. Zimepewa kwa sababu mfuatano wake wa asidi amino unafanana na wa nyingine iliyopimwa, au inayofanana na nyingine iliyopimwa. Kosa likiingia mwanzoni mwa mlolongo linarithiwa na wote walio nyuma. Anayeondoa kosa hilo ni mtu aliyekaa maabara na chupa yake na kupima.

#8 Mchanga wa Data

Mfano wa tumbaku sikuwa naujua. Nimeusoma mara mbili. Kwa hapo nimekubali kwamba kufanana umbo peke yake hakutoshi kuniambia kazi. Ila naomba nishikilie upande mmoja: kwa protini ambayo haina ndugu yeyote anayejulikana kwa mfuatano, umbo ndilo linaloweza kukuonyesha ndugu wa mbali ambaye mfuatano umeshamsahau.

#9 Kinu na Mchi

Hapo tuko pamoja kabisa. Linakuonyesha mlango wa kugonga. Kugonga bado ni kazi ya maabara.

#10 Mto Ruzizi

Habari ndugu zangu, niko Bukavu. Kisamvu kwetu tunaita sombe. Nawashukuru kwa uzi huu, maana kwetu Kongo habari ya mihogo michungu ina huzuni ndani yake. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, ulielezwa na daktari huko Kwango mwaka 1938, na jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Baadaye umeonekana pia Msumbiji na Tanzania. Unakuja wakati wa njaa, ukame au vita, watu wanapofupisha siku za kuloweka.

Swali langu: kama vimeng'enya vyenyewe vipo ndani ya mhogo, kwa nini sumu inabaki kwenye unga?

#11 Kinu na Mchi

Ndugu yangu wa Bukavu, pole kwa mliyoyaona, na karibu sana.

Jibu liko kwenye kile kimeng'enya cha pili. Majani yana hidroksinitrili liyasi kwa wingi, mizizi inayo kidogo mno. Ukiloweka na kuponda mzizi, linamarasi inafanya kazi yake vizuri, lakini asetoni sianohidrini inayotokea inakosa wa kuivunja haraka. Inaweza kuvunjika yenyewe kwa joto, na kwa uchachu usiozidi, lakini inataka muda. Siku za kuloweka zikikatwa na makopa yakikaushwa haraka haraka, kitu hicho kinaingia kwenye unga, na mwilini kinatoa sianidi.

Mwili nao una kimeng'enya cha kupambana, rodanisi, EC 2.8.1.1, daraja la transferasi. Kinabandika salfa kwenye sianidi na kuifanya thiosianati, ambayo haina ukali huo na inatoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini tunayokula. Mtu anayekula ugali wa mhogo bila samaki, maharage wala nyama kwa majuma, rodanisi anayo lakini salfa ya kuilisha haipo. Wanaopata konzo ni hao: mhogo mchungu usioandaliwa vizuri, na mboga hakuna.

#12 Mfamasia wa Pembezoni

Nimechelewa lakini sitaki kupita kimya. Mmesema kazi moja maumbo mawili, na ukoo mmoja kazi mbili. Kuna na hii: mnyororo mmoja, namba mbili za EC.

Kijidudu cha malaria, Plasmodium falciparum, kina protini moja yenye asidi amino 608 ambayo upande wa mbele ni dihidrofoleti redaktasi, EC 1.5.1.3, na upande wa nyuma ni thaimidileti sintasi, EC 2.1.1.45. Kwetu binadamu hivyo ni vimeng'enya viwili vilivyoachana. Umbo lake lilitolewa na watafiti wa Thailand mwaka 2003. 1J3I ni ya kijidudu cha kawaida, na 1J3K ni ya kijidudu chenye mabadiliko manne ya usugu.

SP (sulfadoksini na pirimethamini) tunayowapa wajawazito kliniki kuwakinga na malaria ina dawa mbili, moja ni pirimethamini, na pirimethamini inalenga ule upande wa mbele. Ndiyo dawa iliyokuwa ya kwanza kwa malaria Tanzania kuanzia 2001 kabla ALu (dawa mseto ya artemetha na lumefantrini) haijachukua nafasi mwaka 2006. Badiliko la msingi ni serini ya 108 kuwa asparajini. Asparajini ni ndefu zaidi, inagongana na pete ya pirimethamini mlangoni pa kimeng'enya, dawa haikai sawasawa. Nilitoa SP kwa miaka bila kuiona sababu hiyo kwa macho. Siku niliyoweka 1J3I na 1J3K kwenye kioo kimoja nikatazama pale pa 108, nilikaa kimya muda mrefu.

Kwa hiyo vijana, mkihesabu "protini ngapi zina EC 2.1.1.45", hii itahesabiwa, na mkihesabu 1.5.1.3 itahesabiwa tena. Jumla ya mistari si jumla ya protini.

#13 Mkemia Mtarajiwa

Shikamoo mfamasia. Wakuu, natumia simu na bando la wiki. Haya maumbo nitayaona kweli bila kompyuta?

#14 Mfamasia wa Pembezoni

Marahaba. Utayaona. Ukurasa wa PDB unafungua umbo kwenye kivinjari chenyewe, huhitaji kupakua programu. Andika namba ya herufi nne, mfano 1J3I, gusa pa kutazamia umbo, zungusha kwa kidole. Faili la protini moja ya kawaida ni dogo kuliko video fupi unazotumiwa kwenye magrupu. Na data yote ni bure, hakuna kujisajili. Maingizo mapya yanatoka kila Jumatano, kwa hiyo ukiandika idadi yoyote kwenye ripoti weka na tarehe uliyoangalia.

#15 Mkemia Mtarajiwa

Nimerudi wakuu. Nimeandika upya jedwali langu. EC safu yake, CATH safu yake. Liyasi ya mhogo: 1DWO, EC 4.1.2.47, CATH 3.40.50.1820. Kwenye mfano wa malaria nimeweka mistari miwili kwa mnyororo mmoja na nimeeleza chini kwa nini. Na yale mafiga matatu nimeyaona. Nimemwonyesha mama kwenye simu, akaniuliza kama hiyo ndiyo inayonuka kinuni, nikamwambia hiyo ndiyo inayoitoa harufu.

Mwalimu, kuna safu nimesahau?

#16 Kinu na Mchi

Vizuri sana kijana. Ongeza safu ya kiumbe. Laktati dihidrojenasi yako na ya Plasmodium zote ni EC 1.1.1.27, lakini ya kijidudu ina asidi amino tano zilizoongezeka kwenye kitanzi kilicho karibu na mahali pa kazi, na protini hizo mbili zimetofautiana kiasi kwamba baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria vinaitambua ya kijidudu na kuiacha ya kwako. Fungua 1LDG, kitafute hicho kitanzi, halafu uniletee ripoti kabla ya Ijumaa.